Mifuko ya Marehemu Elijah

Sehemu ya Tano

Kabla sijaendelea nitawategea kimoja. Nina mtu wangu hali, hanywi, hapigi mswaki, na bado kila msimu hubeba mbolea kutoka stoo ya serikali pale Rodi Kopany. Ni nani?

Mmeshindwa. Nipeni mji. Mmenipa Kisumu? Haya, nimekwenda Kisumu, nimekula samaki wangu mkubwa, nimerudi. Jibu ni mume wangu, Elijah Odera, ambaye tulimzika miaka tisa iliyopita.

Wale mliotuma ujumbe kwamba mama huyu ni mwizi na afungwe, nimeusoma ujumbe wenu. Sikatai. Ila mnifunge mkishasikia yote.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitasema kwa ufupi. Elijah alipokufa hatukuandikisha kifo chake popote. Tulilia, tukachinja ng'ombe, tukamaliza. Shamba letu, ekari mbili kasoro robo, likabaki kwa jina lake. Watu wa serikali walipokuja kuandikisha wakulima wa kupata mbolea ya ruzuku, waliniuliza shamba ni la nani. Kwetu mume anaweza kukaa chini ya udongo miaka ishirini na boma bado ni lake. Nikasema ni la Elijah. Wakataka kitambulisho, nikawapa chake. Hakuna aliyeuliza kama anapumua.

Misimu miwili nilipata mbolea. Mifuko minne yote kwa jumla. Mahindi yalisimama, na kayongo, lile gugu la maua mekundu linalonyonya shamba letu, likapungua kidogo.

Halafu ikaja amri mpya. Majina ya wote waliopokea yabandikwe ukutani kwa chief, jina na mifuko, kila mtu asome. Jumatatu nikaenda na miwani yangu. Nikakuta ukurasa mmoja tu umebandikwa, mingine bado, na juu kabisa: Elijah Odera, mifuko thelathini na miwili.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Niseme wazi jambo ambalo nilipigania wiki hiyo, msije mkadhani ni mbolea. Ni shamba. Mwanangu Jacktone anakata miwa ya watu huko Awendo, na mkewe Caren na watoto watatu wanakula kutoka ekari hizo mbili kasoro robo. Ikijulikana mwenye jina alikufa, mtu anaweza kusema shamba halina mwenyewe, na likienda hatuna kwingine. Ndiyo maana sikulala nikifikiria jina la marehemu ukutani.

Na majirani hawakuniacha nipumue.

"Min Jacktone!" Roseline aliniita, yaani mama Jacktone, mbele ya watu sokoni. Roseline ni mjane kama mimi, tumepakana shamba. "Umsalimie mzee! Mwambie atuazime mifuko miwili, asituonee!"

"Nitamwambia," nikajibu.

"Lakini ana mgongo huyo! Thelathini na miwili! Alipokuwa hai hata ndoo ya maji ilimshinda!"

Soko zima likacheka. Mwenye dagaa alicheka mpaka akamwaga kopo lake. Mimi pia nikacheka, wajukuu wangu mnaosoma, maana ukikataa kucheka watu huanza kuhesabu.

Jumanne asubuhi Bonface akaja kunywa chai, kama kawaida yake.

Niwaeleze Bonface ni nani. Ni ndugu ya Elijah, mtoto wa baba yake mdogo. Elijah alipofariki wazee walimchagua awe jater wangu, yaani ndugu anayeingia nyumba ya mjane ili boma la marehemu lisife. Ana bibi yake na boma lake ng'ambo ya kijito. Lakini chai ya asubuhi anakunywa kwangu, na likitokea neno la kiume hapa nyumbani, yeye ndiye husema.

Nikamwekea chai. Nikamwekea viazi vitamu. Nikamwacha amege cha kwanza.

"Bonface, Elijah amebeba mifuko thelathini na miwili."

"Nimeona. Nilipita kwa chief jana."

"Minne nilibeba mimi."

"Najua."

"Na ishirini na minane?"

Akamenya kiazi polepole, ganda lote likatoka zima.

"Nilibeba mimi," akasema.

Nikaweka kikombe chini. "Kwa kitambulisho gani? Kitambulisho kiko ndani ya sanduku langu."

"Nilitoa kopi siku ulipoenda mkutano wa akina mama kanisani. Kijana wa stoo alitaka namba tu. Sura hakutaka. Nusu ya mifuko alichukua yeye."

"Umeiba kwa jina la maiti!"

Bonface alinitazama kama mtu aliyeonewa. Hakuwa anaigiza. Nimeishi naye miaka tisa, namjua akiigiza.

"Maiti gani, nyar Gwassi?" akasema, akiniita binti wa Gwassi nilikozaliwa. "Nijibu polepole. Tungezaa mtoto mimi na wewe, angeitwa wa nani?"

"Wa Elijah."

"Nikinunua ndama nikamfunga hapa, ni wa nani?"

"Wa boma la Elijah."

"Juzi kwenye harambee ya kanisa nilisimama nikatoa elfu moja yangu. Waliandika nani?"

Nilikuwepo. Waliandika Elijah.

"Basi! Miaka tisa kila ninachofanya hapa kinaitwa Elijah. Nikilima, ni Elijah amelima. Nikijenga ua, ni ua wa Elijah. Mbolea peke yake ndiyo mnaniambia mimi si Elijah?"

Jibu nendeni mkalitafute nyinyi. Kwa mila yetu maneno yake yote yalikuwa sawa, na kwa sheria yalikuwa kifungo.

"Mbolea ulipeleka wapi?"

"Kwa wakulima wa miwa, Awendo."

"Na pesa?"

Aliinua kidole akaonyesha juu.

Nikatazama juu. Mabati yangu.

Mwaka jana paa langu la nyasi lilikuwa limeoza. Bonface akaniletea mabati ishirini, mapya, yanang'aa. Nilipiga magoti nikamwombea. Nilichinja kuku nikampa firigisi kwa mikono miwili. Nikatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu hasahau wajane, na waumini wakanipigia makofi.

Haya, kingine hiki. Kitu gani kinanifunika na kunivua nguo kwa wakati mmoja? Kwa hiki sitaki mji. Ni mabati yangu.

"Ukinitaja," Bonface akasema, akichukua kiazi cha pili, "taja na paa."

Jumatano Caren akarudi kutoka kwa chief mbio mbio, mtoto mgongoni.

"Mama, kuna barua imebandikwa kando ya yale majina!"

"Inasema tutafungwa lini?"

"Hapana, sikiliza. Kesho anakuja ofisa kutoka juu, Madam Metrine. Ukumbi wa kanisa, saa nne. Anasema mtu yeyote aliyechukua kwa jina la mwingine, akijitokeza mwenyewe na kusema, atasamehewa na ataandikwa upya. Kwa jina lake, Mama! Na atapewa karatasi yenye muhuri kwamba yeye ndiye mkulima wa shamba hilo."

"Yangu iandikwe Susana Awuor?"

"Susana Awuor. Hakuna mtu atakayekuja kesho kutwa kusema shamba hili halina mwenyewe."

Caren alifika kidato cha nne, anajua barua. Mimi niliishia darasa la saba. Nikamwamini.

"Na Bonface, je?"

"Wewe sema minne yako. Yake aseme yeye. Ana mdomo."

Akaniandikia maneno kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri. Mimi ni Susana Awuor, mjane wa Elijah Odera, aliyefariki. Nilichukua mifuko minne kwa jina lake kwa kutojua. Nikayakariri nikipepeta mahindi, nikayakariri nikikama mbuzi, kama mtoto wa Sunday school anayejifunza aya yake. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilikula nikashiba.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama nje madirishani. Bonface alikaa mbele na wanaume, kofia magotini. Mimi na Caren tulikaa katikati. Roseline alinisogelea kwenye benchi, bado anacheka.

"Leo mzee wako ataitwa, Min Jacktone. Umemletea nguo za kubadilisha?"

"Roseline, niache."

"Nimeacha. Nimeacha. Lakini thelathini na miwili!"

Madam Metrine alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, sauti kubwa. Si mtu wa kwetu, hajui nani ni nani, na hiyo ndiyo sababu walimtuma. Alisimama mbele na orodha yake. Kando yake aliketi Chief Nicholas, naye alikuwa anajifuta jasho kabla jua halijawa kali.

"Mimi nimekuja kwa majina yaliyozidi mifuko kumi tu," akasema Madam. "Nikikuita, simama. Tuonane. Serikali inasema kila anayepokea aonekane."

Akaanza.

"Zablon Opiyo!"

Kicheko cha Roseline kilikatika kama redio iliyokatiwa umeme.

Zablon alikuwa mume wake. Alikufa mwaka ule wa nzige.

"Zablon Opiyo, mifuko kumi na minane! Yuko?"

Hakuna aliyesimama. Nilimtazama Roseline. Uso ulikuwa umekuwa kama majivu.

"Mimi nilichukua mitatu," akaninong'oneza. "Haki ya Mungu, mitatu."

"Tobias Ouko! Mifuko ishirini na minne!"

Huyo alikufa kabla ya Elijah wangu.

"Peter Ogola! Mifuko kumi na mitano!"

Ng'ombe alimpiga pembe. Sote tulikuwa mazishini.

Madam aliendelea kusoma, na kila jina lilikuwa la mtu tuliyemrushia udongo kwa mikono yetu. Wale waliokuwa wananicheka wiki nzima waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, mwenye dagaa naye akiwemo. Nikaelewa. Kila mjane aliulizwa shamba ni la nani, na kila mjane akajibu kama mimi. Halafu mtu fulani akaona kwamba wafu wetu hawakatai mzigo.

Majina kumi na moja. Elijah alikuwa wa mwisho, Madam alikuwa bado hajamfikia.

"Chief," akasema, "hawa wanaume wako wapi?"

"Wamesafiri, Madam."

"Wote kumi?"

"Wengine wako Rusinga, wanavua."

"Mvua imeanza, mkulima mwenye mifuko ishirini na minne yuko ziwani anavua?"

"Samaki wamekuwa wengi, Madam."

Mahali pengine tungecheka. Siku ile hata mtoto hakucheka.

Madam akafunga orodha. Sauti yake ikashuka, na ikawa mbaya zaidi.

"Nisikilizeni. Kama watu hawa hawapo, nafunga rejista ya kata ndogo hii yote. Hakuna mbolea, hakuna mbegu, kwa mtu yeyote. Na waliochukua mifuko stoo kwa majina haya nitaondoka nao leo. Gari la polisi liko nje."

Caren akanigusa goti. "Sasa, Mama. Simama useme."

Nikashika karatasi yangu. Nikaanza kuinuka.

Mkono ukanivuta kwa nyuma, nikaanguka benchini. Ilikuwa Roseline, amenishika sketi kwa ngumi mbili.

"Keti!" akanong'ona. "Ukisema wako amekufa, umesema wangu. Nina wajukuu watano, Susana. Watano."

"Aliahidi atatusamehe."

"Atasamehe mitatu. Hiyo kumi na mitano mingine nani ataisamehe? Nitasema niliipeleka wapi?"

Nilitazama huku na huku. Wajane tisa walikuwa wananitazama. Macho yao yote yalikuwa yanasema keti.

"Na wa mwisho," Madam akasoma, "Elijah Odera! Thelathini na miwili! Naye yuko ziwani?"

Mbele kabisa mtu akasimama.

"Niko hapa, Madam," akasema Bonface.

Waliokuwa nje wakaingiza vichwa madirishani.

"Wewe ni Elijah Odera?"

"Ndiye mimi."

Madam akamgeukia Chief. "Huyu ndiye?"

Chief Nicholas alimtazama Bonface. Akatutazama sisi. Alikuwa na mama yake mle ndani, na mama yake alikuwa mjane wa Peter Ogola.

"Ndiye," akasema Chief.

"Wananchi, huyu ndiye Elijah?"

Roseline ndiye aliyejibu wa kwanza, kwa sauti ya kuimba: "Ndiye!"

"Ndiye!" ukumbi wote ukaitika. "Ndiye, Madam! Elijah wetu huyo!"

Hapo ikawa kama mtu amefungua zizi. Shemeji ya Roseline akasimama akasema yeye ni Zablon, samahani, alikuwa hakusikia. Mwingine akasimama, Tobias. Mwingine, Peter. Wanaume walioingia nyumba za ndugu zao waliofariki walisimama mmoja mmoja, wakavua kofia, wakachukua majina. Kumi na mmoja. Sikuwahi kuona ufufuo kabla ya siku ile, na sitaki kuona mwingine.

Madam Metrine hakuwa mjinga. Alimwendea Bonface mpaka karibu.

"Wewe una thelathini na miwili. Nataka shahidi mwingine. Bibi yako yuko?"

"Yuko. Yule pale, wa leso ya kijani."

Macho yote yakanigeukia.

"Mama, njoo."

Nilikwenda. Karatasi ya Caren ilikuwa imelowa mkononi.

"Mama, huyu ni mume wako?"

Wajukuu wangu, mnataka nikiri nini hasa? Hiki ndicho. Nilijua jibu la kweli, nilikuwa nimeandikiwa kwa mwandiko mzuri, na nilikuwa nimelikariri. Nikawatazama wale wajane. Nikamwona Roseline ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nikafikiria gari la nje. Na nikajidanganya kwa mila pia, nikajiambia, si wazee ndio waliomweka mahali pa Elijah?

"Ndiye," nikasema.

"Jina lake?"

"Elijah. Elijah Odera."

"Na mifuko yote hii?"

"Tulisaidia majirani, Madam," Bonface akaingilia, anatabasamu. "Sisi hapa tunasaidiana."

"Majirani wanakubali?"

"Tunakubali!" ukumbi ukajibu.

Madam alimpiga Bonface picha kwa ile simu yake pana kama ubao. Akaandika namba yake ya simu. Kesho yake alimletea Chief karatasi za wote kumi na mmoja, zimepigwa muhuri. Picha ni ya Bonface, jina ni la Elijah, na shamba limeandikwa, ekari mbili kasoro robo. Rejista haikufungwa. Gari la polisi liliondoka tupu.

Siku ile nje ya ukumbi wanawake walinikumbatia. Roseline alinibeba juu juu, mzee mzima mimi.

"Umetuokoa, Susana! Sitakutania tena mpaka nife!"

Caren hakunikumbatia. Alichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye sidiria yake.

"Mama," akasema tulipokuwa njiani, "umeiambia serikali baba yuko hai."

"Niliokoa watu."

"Najua. Lakini sasa shamba lina mwenyewe."

Sikumwelewa. Niliona ni uchovu. Nikamwambia tupitie kwa mwenye dagaa, siku ile alikuwa anatupa bure.

Jumamosi asubuhi nilikuwa shambani nafungua mifereji. Nikasikia sauti za wanaume kwenye ua. Bonface alikuwa anakuja na mzee mmoja mnene, viatu vya mpira, amebeba kamba ya kupimia.

"Min Jacktone, karibisha mgeni. Huyu ni Mzee Machuki. Analima miwa upande wa Awendo, sasa anatafuta ardhi huku kwetu."

"Karibu, mzee," nikasema. "Huku hakuna anayeuza."

Machuki akacheka kwa adabu. "Wengi husema hivyo mwanzoni, mama."

"Nimemleta aone shamba langu," akasema Bonface.

"Lako liko ng'ambo ya kijito."

"Lile ni la kule. Nasema hili."

"Hili ni la Elijah!"

"Ndiyo," Bonface akasema taratibu. "La Elijah."

Akatoa karatasi mfukoni akaikunjua mbele yangu. Muhuri. Picha yake. Jina la mume wangu.

Jembe likaniponyoka.

"Bonface, usinifanyie hivi. Watoto wa Jacktone watakula nini?"

"Nitawatafutia. Nitakuachia nyumba."

"Nyumba bila shamba?"

"Ina mabati," akasema.

Nikamgeukia yule mgeni. "Mzee Machuki, huyu mtu si mume wangu. Ni shemeji yangu. Mume wangu alikufa. Usipoteze pesa yako."

Machuki hakushtuka. Alinitazama kwa huruma, kama vile daktari anavyomtazama mgonjwa mwongo.

"Mama, Alhamisi nilikuwa nje ya dirisha la kanisa. Nilikuja kuuza mbegu ya miwa, nikakuta baraza. Nilikusikia kwa masikio yangu. Kijiji kizima kilisema ndiye. Chief alisema ndiye. Wewe ndiye uliyesema wa mwisho."

"Tulidanganya!"

"Wote?"

Nikafungua mdomo. Ng'ambo ya ua niliona Roseline amesimama kwenye mahindi yake, jembe begani. Alikuwa anasikia kila neno. Alitikisa kichwa pole pole, mara moja, halafu tena.

"Sema, basi," Bonface akaniambia, sauti ya chini, bila hasira. "Sema mimi si Elijah. Mpigie Madam. Utaanza na nyumba ya nani? Ya Roseline, au ya mama yake Chief?"

Nikaokota jembe langu.

Caren alikuwa ametoka jikoni. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, hakusogea.

"Mzee Elijah hataki kugombana na mtu," Machuki akasema. "Bodi ya ardhi inataka kitu kimoja tu. Bibi wa mwenye shamba lazima akubali kwa sahihi yake, mbele ya shahidi. Ndiyo sheria ya kuwalinda nyinyi akina mama."

Akasema hivyo kweli. Ya kutulinda.

Wakaanza kupima. Machuki akishika ncha moja ya kamba, Bonface akitembea na nyingine, wanapiga hatua juu ya mifereji yangu. Niliwafuata kama kuku anayefuata walioshika vifaranga. Walimaliza upande wa kijito. Wakapanda upande wa nyumba. Hapo kamba ikakwama kwenye kilima kidogo cha udongo, nyasi zimeota juu, mawe yamepangwa pembeni. Hatukuwahi kupata pesa ya simenti wala ya kuandika jina.

Machuki akasimama. Akavua kofia.

"Mzee Elijah, hukuniambia kuna kaburi. Trekta haitapita hapa. Ni la nani hili?"

Nilimtazama Bonface. Nilijua kwamba hapa sasa atashindwa. Hata yeye ana mpaka. Kaburi la ndugu yake, alilolichimba kwa mikono yake, akalia mpaka wakamshika.

Bonface naye akavua kofia yake.

"La ndugu yangu," akasema. "Aliitwa Bonface."

Caren akapiga kelele kule mlangoni, kelele moja tu.

"Pole sana, mzee," Machuki akasema. "Tutatafuta njia ya kumhamisha kwa heshima."

Akasimama kidogo, kichwa ameinamisha. Kisha akavaa kofia, akatoa fomu kwenye mkoba wa plastiki, akaiweka juu ya mgongo wa jembe langu ili isilowe, akanishikisha kalamu.

"Pole na wewe kwa shemeji yako, mama," akaniambia, na akanionyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi.